Kiyoyozi Kinachopasha Moto: Hesabu ya Baridi ya Maine

Jimbo la Maine, pembe ya kaskazini-mashariki kabisa ya Marekani, lina watu kama milioni 1.4, misitu isiyokwisha, na baridi inayoingia Novemba ikang'ang'ania hadi Aprili. Hakuna jimbo jingine la nchi hiyo linaloyategemea mafuta ya kupashia nyumba kama hilo. Mwaka 2019 zaidi ya nusu ya kaya zake zilikuwa zikisubiri boza lije kujaza tangi lililo chini ya nyumba. Mwaka huohuo gavana Janet Mills alitia saini sheria iliyoweka lengo la kufunga pampu za joto 100,000 kufikia 2025. Wengi waliona ni ndoto. Pampu hizo zilitimia mwaka 2023, miaka miwili kabla ya wakati, na lengo likasogezwa mbele: nyingine 175,000 kufikia 2027.

Kwa mtu wa pwani yetu, wa Mikocheni au Nyali, mashine inayozungumzwa hapa si ngeni. Ni AC ya ukutani: yuniti moja ndani juu ya ukuta, nyingine nje yenye feni kubwa, na kati yao mabomba mawili membamba ya shaba yaliyofungwa pamoja na waya. Tofauti ni kwamba hii inakwenda pande zote mbili. Julai inatoa joto nyumbani, Januari inaliingiza.

Mjadala wa Maine umetumia miaka mingi kwenye swali moja, kama mashine hiyo inaiweza baridi. Kwa maoni yangu swali hilo limeshajibiwa na linaendelea kuulizwa kwa mazoea tu. Lililobaki ni gumu zaidi na halihusu teknolojia. Nyumba inapotoka kwenye mafuta kwenda kwenye umeme, bili nayo inahama, na mara nyingi inahamia mfukoni mwa mtu ambaye hakuulizwa. Kati ya watu hao wamo wasemaji wengi wa Kiswahili: Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliohamia miji ya Portland na Lewiston, wengi wao wakiwa wapangaji.

Tuanze na mashine yenyewe. Pampu ya joto haizalishi joto kama pasi au jiko la umeme. Inalichukua lililopo na kulihamisha. Anayegusa upande wa nyuma wa friji na kuukuta una moto amekwisha kuona kazi hiyo: joto lililotolewa kwenye maziwa na nyama linamwagwa jikoni. Ndani ya mabomba inazunguka gesi ambayo kompresa inaikandamiza hadi inakuwa ya moto, kisha inaachiwa nafasi ya kupanuka na kuwa baridi sana. Upande mmoja inachemka na kufyonza joto, upande wa pili inarudi kuwa kimiminika na kulitoa. Valvu ya kugeuza mzunguko, kipande kidogo cha shaba kilicho kwenye yuniti ya nje, ndiyo inayoamua upande upi uwe wa moto. AC nyingi zinazouzwa pwani yetu hazina valvu hiyo kwa sababu hakuna aliyeihitaji.

Lakini joto gani lipatikane nje wakati kipimajoto kinasoma nyuzi 15 chini ya sifuri? Hapo ndipo wengi wanapokwama, na kisa ni kwamba tunaipima baridi kwa ngozi zetu. Gesi ya R-410A, iliyotumika kwenye mashine nyingi zilizofungwa hadi sasa, huchemka kwenye nyuzi 48 hivi chini ya sifuri ikiwa kwenye mgandamizo wa kawaida wa hewa. Kwa gesi hiyo, hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri ni ya moto. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwanafizikia William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin, alilieleza mwaka 1852, na miaka michache baadaye Peter von Rittinger wa Austria aliunda mashine ya kukaushia chumvi kwa kanuni hiyohiyo.

Kilichokosekana kwa zaidi ya karne moja ni namna ya kuiendesha kompresa kwa kipimo. Kompresa ya zamani ilijua mambo mawili tu, kuwaka na kuzimika. Wajapani, waliokuwa na nyumba ndogo zisizo na nafasi ya mabomba makubwa ya hewa, ndio walioeneza mashine za ukutani, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Toshiba ikaingiza sokoni AC ya nyumbani yenye inveta. Kwa inveta kompresa huenda polepole ikihitajika polepole, na kwa kasi kubwa baridi inapozidi. Ndiyo iliyozaa kizazi cha mashine za nchi za baridi, ambazo hutoa joto lake lote kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri na huendelea kufanya kazi, kwa nguvu iliyopungua, hadi nyuzi 25 chini ya sifuri au zaidi kidogo.

Neno la kuangalia hapo ni kupungua. Kukiwa na nyuzi 8 nje, uniti moja ya umeme inaweza kuleta ndani uniti tatu na nusu za joto. Kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri inaleta kama mbili. Mashine haifi ghafla, inapoteza faida kadiri baridi inavyokaza, na siku ambayo mtu anaihitaji zaidi ndiyo siku inayokula umeme zaidi. Februari 2023 baridi kali ilivamia eneo zima la New England, ambamo Maine imo, na juu ya Mount Washington, katika jimbo jirani la New Hampshire, hewa ilifika nyuzi 44 chini ya sifuri. Usiku kama huo hakuna mashine ya ukutani inayoweza kuachiwa nyumba peke yake. Lakini usiku kama huo ni nadra. Mjini Portland wastani wa Januari ni nyuzi 4 au 5 hivi chini ya sifuri, na hapo pampu bado iko kwenye raha yake. Norway, ambako hakuna mtu atakayesema hakuna baridi, zaidi ya nusu ya kaya zina pampu ya joto, na nyingi ni za aina hiihii ya ukutani.

Sababu ya Maine kuipokea haraka namna hiyo haisemwi vya kutosha. Katika majimbo mengi ya Marekani nyumba zimejengwa na mabomba mapana ya bati ndani ya dari na kuta, yanayosambaza hewa ya moto au ya baridi kutoka mashine moja kubwa. Nyumba nyingi za kale za Maine hazina mabomba hayo. Zina boila chini ya nyumba, na maji ya moto yanayozunguka kwenye rejeta za vyumbani. Kutoboa nyumba ya mbao ya miaka 100 ili kupitisha mabomba ya hewa ni gharama ya kuvunja moyo. Kutoboa tundu moja ukutani, la kupitisha shaba na waya, ni kazi ya siku moja. Nyumba ileile ambayo haikuwahi kuwa na njia ya kupozwa inapata kupozwa bila kuomba. Wapo walionunua kwa ajili ya Agosti, wakagundua baadaye kuwa inawafaa pia Desemba.

Sasa hesabu. Galoni moja ya mafuta, yaani lita 3.8, ina nishati ya uniti 40 za umeme. Boila iliyochakaa kidogo inapoteza sehemu yake kupitia bomba la moshi, na nyumbani zinafika kama uniti 34 za joto. Pampu ya joto, ukichukua wastani wa majira yote ya baridi, tuseme inaleta uniti 2.7 kwa kila moja inayokula. Ili kulingana na galoni ile itahitaji uniti 12.6 hivi. Tuchukue umeme wa senti 27 kwa uniti, na jumla ni dola 3.40. Kwa hiyo mafuta yakiuzwa zaidi ya dola 3.40 kwa galoni, pampu inashinda. Yakishuka chini ya hapo, boila inashinda. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, mafuta yalipita dola 5, na simu za mafundi hazikukaa kimya. Bei ya umeme nayo ilipanda, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme wa New England huzalishwa kwa gesi asilia, na bei ya gesi ilivurugwa na vita hivyohivyo.

Hesabu hiyo ni ya ukingoni kuliko matangazo yanavyodai. Ifanye tena kwa siku ya nyuzi 15 chini ya sifuri, pampu ikileta uniti mbili tu, na galoni ya kulinganisha nayo inakuwa ya dola 4.59. Lakini ifanye kwa nyumba inayopashwa na hita za umeme za ukutani, zinazogeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto, na joto lilelile linagharimu zaidi ya dola 9. Hapo hakuna ubishi. Ushauri wangu kwa mwenye hita za umeme ni mfupi sana: badilisha. Kwa mwenye boila nzuri ya mafuta, jibu linategemea bei ya mwaka huo, na hakuna anayejua ya mwaka ujao.

Ruzuku zilibadilisha mizani. Efficiency Maine, taasisi inayosimamia programu hizo, ilipandisha mwaka 2023 kiwango cha juu hadi dola 8,000 kwa kaya za kipato cha chini zinazofunga pampu kwa nyumba nzima, na kaya zenye kipato kikubwa zikapata pungufu ya hapo. Serikali kuu nayo, kwa sheria ya mwaka 2022, ilitoa punguzo la kodi la asilimia 30 lisilozidi dola 2,000. Punguzo hilo lilifutwa kwa sheria nyingine na kufikia kikomo mwishoni mwa 2025. Tazama lakini anayelengwa: punguzo la kodi linamfaa mtu mwenye kodi ya kupunguziwa, na ruzuku inamfaa mwenye ukuta.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Juni 2019, mwezi uleule sheria ya pampu ilipotiwa saini, mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walifika Portland na kulazwa kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa Expo. Waliofuata nyuma yao wametawanyika kwenye majengo ya ghorofa tatu ya Portland, Lewiston na miji ya jirani, majengo ya mbao yaliyojengwa enzi za viwanda vya nguo. Katika mengi ya majengo hayo mkataba wa kupanga husema joto limo ndani ya kodi. Mwenye nyumba ndiye analipa boza, na mpangaji analipa umeme wa taa, friji na televisheni.

Fikiria sasa mwenye nyumba anafunga pampu za ukutani. Anapata ruzuku, jengo linapanda thamani, na hajui tena bei ya mafuta. Yuniti imeungwa kwenye mita ya mpangaji. Bila kelele yoyote, gharama ya kupasha nyumba imehama kutoka jina moja kwenda jingine, na kama kodi ya nyumba haikupungua, mpangaji ameongezewa kodi kwa mlango wa nyuma. Mama aliyezoea bili ya umeme ya dola 70 anaona Januari ya dola 250 na kudhani mita imeharibika. Haijaharibika. Analipia joto ambalo zamani lilikuwa ndani ya kodi yake.

Upo pia upande wa pili, na uadilifu unadai usemwe. Mpangaji aliyekuwa akilipa mafuta mwenyewe, kwa mzigo usiopungua galoni 100, alihitaji dola mia kadhaa kwa mkupuo. Boza halileti mafuta ya dola 20. Umeme unalipwa mwisho wa mwezi, na programu ya HEAP ya kusaidia gharama za kupasha nyumba haiishii kwenye mafuta, hata anayepasha kwa umeme anaweza kuomba. Kwa familia kama hiyo pampu ni nafuu hata pale hesabu ya galoni inapotoka sare.

Sheria ya Maine inampa mpangaji kitu cha kushika. Mfumo wa kupasha nyumba ya kupanga lazima uwe na uwezo wa kuweka nyuzi 20 ndani hata nje kukiwa na nyuzi 29 chini ya sifuri. Rudi kwenye uwezo wa mashine: nyingi zinaishia karibu na nyuzi 25 chini ya sifuri. Mwenye nyumba anayeng'oa boila na kubakiza yuniti moja sebuleni ana swali la kujibu. Na anayesaini mkataba mpya afanye vyema kuuliza pampu inakula kwenye mita ya nani, na boila ya zamani imebaki au imeondolewa. Majibu yaandikwe kwenye mkataba, maana maneno ya mdomoni huyeyuka Februari.

Nyumba yenyewe ina usemi mkubwa kuliko chapa ya mashine. Joto linapita kwenye dari lisilo na sufi ya kuzuia joto, kwenye fremu za madirisha, kwenye mianya inayozunguka mabomba. Mafundi wa Maine hufunga feni kubwa mlangoni, huvuta hewa nje, kisha huzunguka wakitafuta pale upepo unapoingia. Kazi ya kuziba ni ya kuchosha na haina sura ya kupigia picha, kwa hiyo huachwa nyuma. Ni kosa. Boila kubwa ya mafuta huficha uvujaji wa nyumba kwa nguvu zake. Pampu haina nguvu za ziada za kuficha chochote.

Joto la ukutani pia halipindi kona. Yuniti ya sebuleni huipasha sebule vizuri sana, lakini chumba cha nyuma ambacho watoto wamelala mlango umefungwa kinaweza kuwa na pengo la nyuzi tano au zaidi. Wauzaji hujibu kwa kupendekeza yuniti nne au tano zinazokula kwenye mashine moja ya nje. Mara nyingi mpangilio huo hula umeme zaidi kuliko jozi moja moja, kwa sababu mashine kubwa ya nje hulazimika kuwaka na kuzimika pale chumba kimoja kidogo kinapoomba joto kidogo. Yuniti chache zilizopimwa vizuri hushinda nyingi zilizorundikwa.

Matumizi nayo yanadai kuacha mazoea. Aliyekulia kwenye boila hushusha joto usiku na kulipandisha asubuhi. Pampu hupenda kuachwa mahali pamoja, ikiunguruma taratibu, maana kuipandisha nyumba kutoka kwenye baridi kunaisukuma kwenye kasi ambayo faida yake ni ndogo. Kipimajoto cha yuniti kiko juu karibu na dari, mahali penye joto zaidi, kwa hiyo rimoti inaposema 22 aliyekaa kwenye kochi anaweza kuwa kwenye 20. Mvuke mkubwa unaotoka kwenye yuniti ya nje asubuhi ya theluji si moto wala moshi. Mashine imegeuza mzunguko kwa dakika chache ili kuyeyusha barafu iliyoganda kwenye koili. Kichujio cha ndani kioshwe kila baada ya wiki chache, jambo ambalo fundi AC wa Kariakoo angelisema kabla hajafungua begi lake.

Pwani yetu inaijua nusu ya mashine hii na kuisahau nyingine, ila nusu iliyosahaulika haihitajiki Dar es Salaam. Inahitajika Njombe, Makete na Limuru, ambako Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani na wengine hawaamki. Usiku wa nyuzi 8 au 10 ni hali ambayo pampu huifurahia, kwani hapo uniti moja ya umeme inaweza kuleta tatu na nusu za joto. Kikwazo ni bei ya mashine, umeme unaokatika, na nyumba zenye dari wazi. Mtanzania aliye kwenye daraja la D1 la bei za umeme, anayelipa shilingi 100 kabla ya kodi kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, akifunga mashine kama hiyo atazivuka uniti hizo katikati ya mwezi na kukutana na 350. Hoteli za Iringa zinaweza kuimudu kwa sasa, kaya chache sana.

Kuhusu gesi, Afrika Mashariki imo kwenye historia yenyewe. Oktoba 2016, mjini Kigali, nchi wanachama wa Itifaki ya Montreal, ya kulinda tabaka la ozoni, zilikubaliana kupunguza gesi za kundi la HFC, ambazo hazitoboi tabaka la ozoni lakini hunasa joto vibaya. Kilo moja ya R-410A ikivuja hupasha dunia sawa na zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa. R-32, inayoenea sasa, ni kama theluthi ya hiyo, na propani ni karibu na bure ingawa inashika moto. Marekani imezuia kutengeneza na kuingiza mashine mpya za majumbani za R-410A tangu Januari 2025. Fundi anayeachia gesi hewani ili aharakishe kazi, iwe Lewiston au Temeke, anaweza kufuta kwa dakika mbili faida ya hewa ya ukaa ambayo mashine hiyo ingeipata kwa mwaka mzima.

Limebaki swali ambalo wazee wa Maine huanza nalo: umeme ukikatika? Hukatika. Januari 1998 mvua ya barafu iliangusha nguzo na kuacha zaidi ya nusu ya watu wa jimbo gizani, baadhi yao kwa wiki mbili. Desemba 2023 dhoruba nyingine ilizima wateja zaidi ya 400,000. Hoja hiyo hutumiwa kuitetea boila, lakini boila ya mafuta nayo ina kichomeo na pampu ya maji, vyote vya umeme, na ikikosa umeme ni pipa la chuma tu. Kinachowaka bila umeme ni jiko la kuni lenye bomba la moshi, na ndiyo maana familia nyingi za vijijini zenye pampu mpya hazijauza kuni zao. Mpangaji wa ghorofa ya tatu hana jiko la kuni. Kwa huyo jenereta ni ya kukaa nje, mita sita au zaidi kutoka dirishani, na mkaa ni wa kuacha nje kabisa: katika dhoruba ile ya 1998 hospitali za Maine zilipokea wagonjwa wengi waliodhuriwa na hewa ya sumu ileile inayotolewa na jiko la mkaa, inayoua watu Njombe wakati wa baridi.